Kiapo cha Kwenda Baharini Peku

Jumamosi, 11 Oktoba

Alhamdulillahi kwa mambo matatu: bahari imetulia, mke wangu Sabha ni mzima, na nyayo zangu mbili zipo. Nayaandika mapema, maana mawili kati ya hayo nimeyaweka rehani leo alasiri kwa sentensi moja.

Ilikuwa hivi. Bwana Hilmi, mwenye kituo chetu cha kuzamia hapa Dahab, amerudi kutoka Kairo na gunia la viatu vya mpira vya kuingilia baharini. Amri yake: kila anayeongoza wazamiaji avae. Hakunitaja jina, lakini alinitazama. Wiki iliyopita nilimpitisha mteja Rasi ya Miiba, mimi peku kama kawaida yangu, naye kwa kuniiga akavua vyake. Hatua ya nne kisigino kikapasuka. Nyuzi sita. Mteja mwenyewe alinishukuru kwa safari nzuri. Hilmi hakunishukuru.

Rasi ya Miiba haina ngazi wala mchanga. Unabeba mtungi wa hewa mgongoni, unatembea hatua arobaini juu ya mwamba wenye meno, maji yakiwa magotini, na ukifika ukingoni ndipo unavaa mapezi na kujitupa kilindini. Babu yangu alizipita hatua hizo peku akitafuta pweza. Baba yangu vilevile. Mimi nazipita mwaka wa ishirini na mbili huu.

Basi tumekaa kwenye baraza ya kahawa. Binamu yangu Auda, tunayefanya kazi naye, keshavaa viatu vyake. Wala si vya gunia. Kajinunulia mjini Sharm, vyeusi, mstari mwekundu ubavuni, zipu inang'aa. Anatembea navyo huku na huku kama afisa aliyepandishwa cheo jana. Akaniuliza lini nitavaa vyangu. Nikasema miguu ya ukoo wetu haihitaji. Akacheka.

"Miguu yako ilishaoa, binamu," akasema. "Siku hizi inajua zulia tu."

Watu wakacheka. Nikaweka kikombe chini. Nikasema, nakumbuka kila neno: "Talaka ya Sabha iwe juu yangu nikitia mguu kwenye kiatu cha bahari kabla msimu haujaisha."

Mmimina kahawa akaacha kumimina.

Kwetu wanaume huapa kwa talaka kama wengine wanavyotia chumvi. Bei ya mbuzi, talaka. Umbali wa kisima, talaka. Lakini neno likishatoka limetoka. Ukilivunja, mke huna.

Nilijiona simba kwa muda wa kikombe kimoja. Kisha nikaanza kuhesabu. Nikivaa viatu, nampoteza Sabha. Nisipovaa, naipoteza kazi. Msimu unaisha Mei. Leo ni Oktoba.

Namshukuru Mungu Sabha hajui. Walionisikia ni watu tisa, lakini wote ni watu wazima.

Jumapili, 12 Oktoba

Mpango wa kwanza: uso mkavu. Nipite peku kama zamani, nisionyeshe lolote, mpaka Hilmi mwenyewe aone kwamba viatu ni upuuzi wa Kairo.

Mteja wa leo ni Bi Ilona, Mhungari wa miaka sitini na ushee, daktari wa meno mstaafu. Huja kila Oktoba na huniulizia kwa jina. Safari hii kaja na marafiki zake kumi na wawili, wataanza kuzamia Alhamisi. Mungu ambariki mama yule. Viatu anakuja navyo mwenyewe, na huvikagua kabla ya kuvaa kama anatafuta jino bovu.

Hatua nane, safi kabisa. Ya tisa nikamkanyaga yule mdudu mweusi wa baharini, mwenye miiba kama sindano za cherehani. Miiba mitatu, unyayo wa kushoto. Nikajikaza kisabuni. Bi Ilona akauliza mbona machozi. Nikamwambia ni uzuri wa bahari. Akashangaa, miaka yote hii bado nalia? Nikasema kila siku.

Tulipotoka majini akaniketisha akanipa darasa nisiloliomba. Kiatu cha kwenda mwambani, alisema, unaanza na soli. Kikunje kwa mikono miwili. Kikikunjika kama chapati, kiache dukani. Shingo yake ipande juu ya kifundo cha mguu, maana miiba haichagui mahali. Kijaribu pamoja na mapezi yako, kwani soli nene haiingii kila pezi. Kijaribu kikiwa kimelowa. Kidole gumba kisigonge mbele, ila kisigino nacho kisipande ukitembea, la sivyo utakuwa umebeba ndoo mbili za maji miguuni. Nimeyaandika yote humu kwa adabu, kama mtu aliyefunga anayeandika mapishi.

Nyumbani Sabha amenitoa miiba kwa sindano na siki. Hakuuliza kitu mpaka mwisho. Mwisho akauliza viatu alivyogawa Bwana Hilmi viko wapi. Nikasema vinafuliwa. Akasema si vipya? Nikasema ndiyo, vinafuliwa. Akatikisa kichwa taratibu, akarudisha sindano kwenye kikasha chake.

Mke asiye na maneno mengi ni neema. Na miiba ilikuwa mitatu tu. Ingeweza kuwa kumi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Hilmi ametoa siku ya mwisho. Alhamisi asubuhi, wageni kumi na wawili wakiwa pale mwambani, atakayetokea peku aweke mtungi chini aende nyumbani, na asirudi. Alisema hivyo akiutazama mguu wangu wa kushoto. Nilikuwa nimesimama kwa mguu wa kulia, kama korongo.

Mpango wa pili. Huu nilidhani ni wa kipaji. Niliapa nisitie mguu kwenye kiatu. Lakini soli ikikaa yenyewe unyayoni, hakuna kitu cha kutia mguu ndani yake! Nikaenda kwa fundi baiskeli, nikachukua tairi kuukuu na kopo la gundi ya kuzibia pancha. Nikakata nyayo mbili. Nikapaka, nikabandika, nikakaa juani miguu juu. Fundi aliuliza nafanya nini. Nikamwambia ni dawa.

Wallahi, nilivuka hatua arobaini kama bibi harusi juu ya zulia! Auda aliona akanyamaza. Raha iliyoje.

Shida ilianza ukingoni. Mapezi hayakuingia. Miguu yangu imekuwa minene kama mikate. Nikazama bila mapezi, nikipiga mateke ya chura nyuma ya wateja wangu mwenyewe. Bi Ilona alisimama mara nne kunisubiri. Chini huko soli ya kulia ikabanduka ikaelea zake, samaki mmoja akaifuata kuona kama inaliwa. Ya kushoto ikashika.

Ikashika kweli. Nimefika nyumbani, gundi imelainika kwa joto, nikakanyaga zulia la Sabha.

Hapa niseme kuhusu zulia. Sabha alilifuma mwenyewe kwa manyoya ya mbuzi, miezi minane. Tangu lilipotandikwa halijakanyagwa na kiatu. Kaka yake, ambaye ni mkubwa wa ukoo wao, huacha viatu mlangoni. Mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme aliacha viatu mlangoni. Na mimi nikanasa katikati yake kama nzi kwenye asali.

Sabha akaja na mkasi wa kukatia manyoya ya mbuzi. Akapiga magoti. Akautazama unyayo wangu kwa muda.

"Hiki ni kiatu?" akauliza.

Nikasema hapana, hasha.

"Vizuri," akasema, akaanza kukata.

Kipande cha zulia cha ukubwa wa kiganja kimebaki unyayoni mwangu. Kina joto zuri sana, alhamdulillahi.

Jumanne, 14 Oktoba

Mpango wa tatu: ngamia.

Sijui kwa nini sikuwaza mapema. Ngamia ana miguu minne yake mwenyewe. Nimpande, avuke mwamba, tukifika ukingoni nishuke moja kwa moja kilindini. Mguu wangu haugusi jiwe wala kiatu. Kiapo kiko salama, Sabha yuko salama, Hilmi atalalamika nini? Mguu utakaokuwa mwambani si wangu.

Ngamia mwenyewe ni Wadha, wa Sabha, alikuja naye kutoka kwao alipoolewa. Nilimwambia Sabha nampeleka kunywa maji. Sikusema uongo.

Wadha alikwenda vizuri hatua kumi na tano. Nimevaa suti ya mpira, mtungi mgongoni, mapezi nimeyaning'iniza kwenye tandiko. Watalii wanapunga mikono. Nikapunga. Hatua ya kumi na sita Wadha akasimama, akafikiri, akaketi. Pale pale majini. Nikamwomba. Nikamwimbia. Nikamtaja mama yake. Akageuza shingo, akanitemea cheu begani, akatulia.

Tulikaa hapo saa nzima na nusu, mpaka maji yakaanza kujaa na yeye mwenyewe akaona haya. Auda alikuwa ufukweni na simu yake. Kabla ya alasiri Dahab yote imeniona. Mpaka muuza falafel ameniuliza ngamia hajambo.

Sabha aliponiona nakuja alinipita. Akaikagua miguu ya Wadha, mmoja mmoja, yote minne, akaipaka mafuta. Kisha akanitazama mimi. Akasema ngamia amepata mkwaruzo. Nikasema nami ninao sita. Akasema ngamia hakuapa.

Nilishtuka kidogo. Lakini nadhani ni msemo tu wa wanawake.

Alhamdulillahi, Wadha ni mzima, na nimepata saa moja na nusu ya kupumzika.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo sina mpango. Naandika hilo kwa mara ya kwanza.

Auda alikuja kuketi nami ukutani, nje ya kituo. Akasema amemwomba Hilmi wale wageni kumi na wawili wawe wake, na Bi Ilona pia, maana mimi Alhamisi nitakuwa nyumbani. Nikasema labda nitavaa viatu. Akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi barabarani.

"Vaa, binamu," akasema. "Lakini nyumba ni ya Sabha. Ngamia ni wa Sabha. Mbuzi ni wa Sabha. Utatoka pale na birika lako."

Alikuwa anacheka, na mimi nikacheka pia, kisha akaenda zake na mimi nikabaki ukutani. Nikaogopa. Naandika kama ilivyokuwa, hakuna atakayesoma. Si nyumba niliyoiogopea, nimelala mchangani maisha yangu yote. Ni mkate. Sabha akipika mkate huacha mmoja uungue ukingoni, kila siku, miaka kumi na tisa, kwa sababu napenda ulioungua. Wageni wakiuliza husema tanuri lake ni bovu. Hajawahi kumwambia mtu kwamba ni kwa ajili yangu. Nikawaza, nani mwingine duniani atalisingizia tanuri kwa ajili yangu mimi, Freiji? Hakuna. Na mwanamke huyo nimemtia kinywani mbele ya watu tisa ili Auda asicheke. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu umemponza mtu ambaye hakuwepo.

Nikaenda kwa Shekhe Mubaraki. Nilimkuta anatengeneza bomba la kutawadhia pale msikitini. Nikamwambia nina rafiki. Rafiki huyo aliapa kwa talaka asivae kiatu fulani, na sasa kazi inamlazimu avae.

Shekhe hakuinua kichwa. Akauliza huyo rafiki, alipoapa, alikuwa na nia ya kumwacha mkewe? Nikasema mkewe? Shekhe, heri akatwe miguu yote miwili. Sauti ilinitoka kubwa, mtu aliyekuwa analala ndani msikitini akaamka. Shekhe akasema basi, kwa anavyoona yeye, hiyo haikuwa talaka. Ilikuwa kiapo cha mtu mwenye mdomo mpana. Alishe maskini kumi, avae kiatu chake, amwombe Mungu msamaha, na amwombe mkewe zaidi. Na asirudi tena na kiapo kingine, kwani yeye Mubaraki ana mabomba ya kutengeneza.

Nilimbusu bega. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita.

"Mwambie rafiki yako," akasema, "mkewe alikuja hapa Jumamosi kabla ya magharibi. Nilimpa jibu hili hili."

Jumamosi.

Nikaenda nyumbani nachechemea, nusu natembea nusu nakimbia. Sabha alikuwa anakanda unga. Nikasimama nje ya zulia, nikasema: ulijua? Akasema yeye alijua kabla sijamaliza kile kikombe. Wale watu tisa wana wake tisa. Nikamuuliza mbona hakuniambia, siku nne, miiba, gundi, ngamia?

Aliendelea kukanda.

"Nilitaka kuona utatembea peku mpaka wapi kwa ajili yangu," akasema.

Nikamuuliza, na ameona nini?

"Umefika mbali, Freiji. Mpaka ngamia wangu ukamtia baharini." Akafuta mikono. "Lakini jina langu si nyundo ya kupigilia maneno yako mbele ya Auda. Umesikia?"

Nimesikia. Nilikaa chini pale mlangoni nikalia, na safari hii sikusingizia uzuri wa bahari. Sabha akaniletea mkate. Ulikuwa umeungua ukingoni.

Mungu nikushukuru kwa lipi, niache lipi?

Alhamisi, 16 Oktoba

Siku ya viatu. Nilifika kituoni alfajiri kuchagua vya kwangu.

Katika gunia vimebaki jozi mbili. Moja namba arobaini na sita, nyingine thelathini na tisa. Mimi ni arobaini na tatu. Nikajaribu vya arobaini na sita: nilipiga hatua mbili kabla havijaanza kunifuata. Nikajaribu vya thelathini na tisa: mguu uliingia, kwa kusukumana, na roho ikataka kutoka. Hilmi akasimama mlangoni anatazama saa yake. Wageni kumi na wawili wanateremka kwenye magari.

Bi Ilona akaja na mfuko. Alisema mumewe hazamii tena, magoti yamekataa, lakini kila mwaka humfungia viatu vyake kwa mazoea, na kila mwaka hurudi navyo bila kuvaliwa. Arobaini na tatu. Akanitazama namna nilivyosimama kwa mguu mmoja, akasema amekuwa akitafuta mtu wa kumpa tangu Jumapili, ila nilionekana mtu mwenye msimamo.

Nilifanya kila alichonifundisha. Nikavikunja, havikukunjika. Nikavilowesha kwenye pipa. Shingo juu ya kifundo. Kidole gumba huru. Kisigino kimetulia. Mapezi yangu ni ya mkanda nyuma, yakaingia kama yalizaliwa pamoja. Soli imechakaa kidogo tu, meno yake yangali makali. Vibaya kutazama, havina hata mstari. Jamani, raha!

Nikavuka Rasi ya Miiba. Sikuamini. Miaka ishirini na mbili nimekuwa nikitazama chini hatua zote arobaini. Leo kwa mara ya kwanza nilitazama mbele. Kumbe kule ukingoni unaona milima ya Saudia. Nilikuwa nawaambia wateja watazame, mwenyewe sijawahi.

Kisha nikasikia kelele nyuma. Auda. Viatu vyake vya Sharm, vile vya mstari mwekundu, vina soli laini kama ya kwenda chooni. Aliteleza kwenye mwani, akatua kwa mguu mzima juu ya yule mdudu wangu wa Jumapili. Miiba imepenya soli kama kitambaa.

Nikiri: furaha ilinijia. Ilikaa kidogo, nikaisindikiza. Nikarudi nikampa bega mpaka ufukweni, na nikarudi tena kuwavusha wageni wake pamoja na wangu. Wote kumi na watatu, ukimhesabu Bi Ilona. Hakuna aliyechubuka hata ukucha. Hilmi alinipiga bega. Hakunishukuru, lakini alinipiga bega.

Nilimtoa Auda miiba mwenyewe, kwa sindano na siki. Saba. Nikamwambia kwa upole kosa ni la soli. Akasema viatu ni vizuri sana, jiwe ndilo lenye kasoro.

Nilinyamaza. Naandika hilo kwa herufi kubwa moyoni. Nilinyamaza!

Ijumaa, 17 Oktoba

Naandika nikiwa nje. Nitaeleza.

Baada ya swala ya Ijumaa tulilisha maskini kumi, uani kwetu. Sabha alichinja mbuzi wake mwenyewe kwa ajili ya mdomo wangu mimi, Mungu ampe pepo. Wali, nyama, mkate, chai yenye majani ya marimaria. Nilihudumia mwenyewe, nimevaa viatu vya Bi Ilona ili watu wote waone kwamba kiapo kimelipiwa. Wale wazee walikula wakaniombea dua ndefu. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Mke ninaye, kazi ninayo, miguu inapona. Nilitaka kumkumbatia kila mtu mpaka mbuzi waliobaki.

Auda naye akaja, anachechemea. Si maskini, lakini alisema miguu yake imefilisika. Tukamkaribisha. Akala. Akala tena. Kisha akavitazama viatu vyangu, mbele ya wazee kumi na Shekhe Mubaraki, akasema ni vizuri kwa kweli, hasa kwa mzee wa Kihungari mwenye magoti mabovu.

Wakacheka.

Nikaweka sinia chini. Sabha, pale jikoni, akainua upawa. Nilimwona. Na hapa nataka ieleweke kwamba mimi si mtu wa kurudia kosa. Talaka sikuitaja. Jina lake sikulitaja. Nilichagua maneno yangu kwa uangalifu mkubwa.

Nikasema: "Wallahi, sivivui viatu hivi miguuni mpaka Auda mwenyewe akiri kwa ulimi wake kwamba ni bora kuliko vyake."

Nilimtazama Sabha kwa fahari. Aliteremsha upawa polepole sana. Shekhe Mubaraki akafumba macho. Auda akanawa mikono, akamshukuru Sabha kwa chakula kizuri, akasimama. Gari lilikuwa linamngoja nje na begi lake ndani. Anakwenda mjini Suez, kwenye harusi ya shemeji yake. Atarudi baada ya siku kumi. Nilimkimbilia mpaka dirishani nikamwomba neno moja tu. Akasema atalifikiria njiani.

Nikarudi. Nikafika mlangoni. Ndani, zulia, limefumwa upya pale palipokatwa.

Sabha alisimama upande wa pili. Akaitazama miguu yangu. Nikaitazama.

Nilimwambia kuna njia, tulishe maskini kumi wengine. Akasema mbuzi wa kwanza alikuwa wa mdomo wangu, wa pili hayupo. Nikasema basi nifunge siku tatu, nayo ni kafara pia, Shekhe atanieleza. Nilimgeukia. Shekhe Mubaraki alikuwa keshafika barabarani, anatembea haraka kwa mtu wa umri wake.

Kwa hiyo niko nje, ukutani, upande wa mbuzi. Hewa ni nzuri. Sabha amenipitishia blanketi dirishani, na chai, na mkate. Umeungua ukingoni. Sidhani kama kuna mume Dahab nzima aliyebarikiwa kama mimi. Miguu imejikunja humo ndani kama zabibu kavu, lakini soli inashika vizuri hata ukutani.

Na nimepata wazo. Viatu nisivivue. Lakini Bi Ilona ana soksi za sufu, ndefu, nimeziona. Nikizivaa juu ya viatu, kitakachogusa zulia ni sufu tupu. Kesho asubuhi namwomba.

Alhamdulillahi. Sijaachika. Niko nje tu.